Sura ya Mama Kwenye Pakiti

Lightness aliiona sura ya mama yake kwenye rafu ya duka mjini Hamburg, katikati ya vanila na sukari ya unga, jioni moja alipoingia kununua mkate. Mama alikuwa akicheka, mkono mmoja umeshika mti wa mdalasini, kilemba kimemteleza upande. Picha ile Lightness aliipiga mwenyewe nyuma ya nyumba yao kijijini Zirai, likizo ya mwisho kabla ya kuhitimu chuo Morogoro. Chini yake, kwa herufi za rangi ya dhahabu, pakiti ilisema: Bibi Skola, Mdalasini wa Milima ya Usambara.

Aliichukua, akaigeuza, akairudisha, akaichukua tena. Mkate aliusahau.

Hata jina lilikuwa lake. Mama yake anaitwa Scholastica, na watoto wa Stephano, kaka yake Lightness, humwita Bibi Skola. Hilo ndilo jina Lightness alilolichagua kwa biashara aliyoiwaza tangu mwaka wa pili chuoni, alipokuwa akisoma sayansi ya chakula: kukausha na kufungasha viungo vya Zirai palepale Zirai, badala ya kuviachia walanguzi wavishushe Muheza kwa magunia. Alipopata nafasi ya mafunzo kazini katika kampuni moja ya viungo huko Ujerumani, na baadaye mkataba, aliwaambia nyumbani kwamba hahamii. Anakwenda kujifunza soko linavyokwenda, aweke akiba, arudi afungue chake.

Aliyemsikiliza zaidi kule ugenini alikuwa Bwana Reimer, mkuu wa mauzo, mtu mchangamfu anayekumbuka siku za kuzaliwa za wafanyakazi wote. Alimuuliza ndoto yake, naye akamweleza yote: jina, picha, rangi za pakiti alizokuwa akichora kwenye kompyuta ya kazini mwisho wa wiki. Reimer alimsifu mpaka akaona haya. "Nitumie," alimwambia, "niwaonyeshe watu wetu wa ubunifu wakupe ushauri." Lightness akatuma. Ushauri haukuja.

Asubuhi iliyofuata aliiweka pakiti juu ya meza ya Reimer bila kumsalimu.

"Hii ni nini?"

"Nilitaka nikushtukize," Reimer alisema, akitabasamu. "Imependwa sana."

"Huyu ni mama yangu."

"Najua. Ana uso mzuri mno."

"Na kilichomo ndani si cha Usambara. Magome hayo yametoka Asia. Niliyapima unyevu mimi, kule ghalani."

Reimer aliinuka akafunga mlango. Akamweleza taratibu, kama anayemtuliza mtoto, kwamba kilichobuniwa na mwajiriwa kwenye kompyuta ya kampuni ni mali ya kampuni. Kwamba watu hawanunui mdalasini, wananunua hadithi. Halafu akatoa peremende yake: kampuni ilitaka kwenda Zirai kupiga filamu fupi ya Bibi Skola, na baada ya filamu wangeanza kununua huko. "Wewe utakuwa mwenyeji wetu na mkalimani. Watu wako watapata soko. Si ndilo ulilolitaka?"

Lightness alitamani kumrushia pakiti usoni. Hakurusha. Kibali chake cha kuishi nchini humo kilitegemea mkataba ule, na hilo lilimfunga mdomo nusu. Nusu nyingine ilifungwa na neno soko. Aliwaona majirani wa Zirai wakimsubiri mlanguzi kando ya njia, wakikubali bei yoyote kwa sababu mvua inanyesha na magome hayasubiri. Akajibu sawa. Tangu siku hiyo hasira ilikaa naye kama jino bovu; anakula nayo, anapanda nayo treni, anawajibu nayo watu wanaomuuliza mbona siku hizi amenyamaza. Mama akipiga simu, alimwambia kazi inaendelea vizuri.

Walifika mwezi wa nane: Lightness, Reimer na mpiga picha kijana aliyezungumza kidogo. Kutoka Muheza gari la kukodi lilipanda kwa kunguruma, likapita msitu wa Amani na mashamba ya chai ya Kwamkoro, na kila kona Reimer alitaka lisimame. Wachuma chai waliinua vichwa, wakamtazama akiwatazama, wakarudi kwenye vikapu vyao. Lightness alikaa kiti cha mbele na kuhesabu makorongo.

Nyumbani walikuta ua umefagiwa hadi ukaonyesha michirizi ya ufagio. Stephano alikuwa amechinja jogoo. Majirani walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kigangoni, na Mama Stephano, yaani mama yao, alitoka ndani amevaa kitenge cha WAWATA, sare ya akina mama wa parokia, kilichopigwa pasi kikasimama, na viatu vyeusi vya kufunika alivyonunua kwa ajili ya mahafali ya Lightness.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Akawapa wageni mkono, akawakaribisha viti, akaanza kuuliza habari za safari na za watoto wao. Reimer alijibu mawili matatu huku macho yakimpima mama tangu kilemba hadi kisigino. Kisha akamgeukia Lightness na kusema kwa Kiingereza, "Si hivi. Anaonekana kama anakwenda mkutanoni. Mwambie avae zile nguo za kwenye picha."

Lightness alimgeukia mama. "Mama, wanaomba ubadili nguo. Uvae za shamba."

"Za shamba? Mbele ya wageni?" Mama alitazama kitenge chake. "Kwani hii ina kasoro gani?"

"Haina. Ni kwa ajili ya filamu yao tu."

Mama aliingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga iliyochujuka, lakini viatu alikuwa navyo. Majirani wawili walicheka kwa aibu, si kwa kumcheka yeye. Mpiga picha akainua kamera. Reimer akapiga hatua nyuma, akakunja uso, akasema, "Viatu. Avue viatu, asimame pale kwenye tope, na abebe mzigo wa magome kichwani. Na asicheke sana. Watu wanataka waone wanamsaidia mtu."

Lightness alitazama viatu vya mama.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Mwambie," Reimer alisema.

"Lightness, mgeni anasemaje?"

Lightness akasimama katikati ya ua, akapaza sauti ili hata walio kwenye benchi la mwisho wasikie. "Anasema uvue viatu, mama, ukanyage tope na ubebe mzigo kichwani, ili wazungu wakuone maskini."

Stephano, aliyekuwa akiwanawisha wazee, aliweka birika chini.

"Umemwambia nini?" Reimer aliuliza.

"Ulichosema."

Akaufungua mkoba wa Reimer uliokuwa juu ya kiti, akatoa pakiti zilizoletwa ili zipigwe picha, akampa mama moja, nyingine akampa Stephano. "Hiyo ni sura yako, mama. Na jina ni lako. Inauzwa madukani Ulaya. Humo ndani hamna hata gome moja la Zirai, mdalasini umetoka nchi nyingine kabisa, lakini wameandika wa Usambara. Hawajanunua kitu kwa mtu yeyote hapa. Jina nililichagua mimi, picha niliipiga mimi, ilikuwa iwe biashara yangu nikirudi. Huyu bwana nilimwamini, nikamwonyesha, akachukua."

Stephano aliisoma pakiti mbele na nyuma. Mishipa ya shingo ilimsimama. Mama yeye hakusoma. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama sura yake inayocheka.

"Ulijua lini?"

"Mama, mimi..."

"Nakuuliza ulijua lini."

"Kabla ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka." Mama aliirudia kauli hiyo taratibu. "Tumeongea kwenye simu kila Jumapili. Ukaniambia wanakuja wageni wa kazini kwako. Nimewaita watu. Nimeazima mabenchi ya kanisa."

Reimer alianza kueleza kwa Kiingereza kwamba kuna kutoelewana, kwamba mipango ya kununua ipo kweli, pengine mwakani, itategemea. Hakuna aliyeomba itafsiriwe.

Mama alimgeukia kwa Kiswahili, sauti ya chini kabisa. "Baba, umefika kwangu na chakula kimeiva. Utakula. Ukimaliza, uende. Hapa hupigi picha."

Na kweli alimpakulia. Ugali, kuku, mchicha, akamwekea na maji ya kunawa. Reimer alikula matonge machache huku watu wote wakimtazama, na pengine hakuna chakula kilichowahi kumwia kigumu kumeza kama kile. Mama alipopita karibu na Lightness, alimwambia kwa Kishambaa, bila kumtazama, kwamba yule mzungu ni mtu wa kupita njia, hamjui. Aliyemfungulia mlango anamjua.

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote ya Hamburg.

Wageni walipoingia garini, Stephano alisimama mbele ya boneti, mikono ameifumbata. "Wafute walichopiga," alisema. Dereva akazima injini; naye alikuwa mtu wa Muheza, hakuona haraka. Reimer alimtazama Lightness kupitia dirishani.

"Unaelewa hii ina maana gani kwa mkataba wako."

"Naelewa. Afute."

Mpiga picha alifuta bila kuambiwa mara ya pili, akamwonyesha Stephano kamera iliyo tupu. Stephano akasogea pembeni. Lightness alilishusha begi lake kutoka nyuma ya gari na kulitua majanini.

Barua ya kumwachisha kazi ilimfikia kwenye simu kabla wiki haijaisha. Naye akaandika zake. Aliliandikia duka lile, akaliandikia gazeti la Hamburg, akaeleza magome yalitoka wapi na sura ile ni ya nani. Zilipita siku nyingi. Mwishowe pakiti ziliondolewa, kisha zikarudi zikiwa na jina jingine na mchoro wa mlima. Hakuna aliyeomba radhi. Aliyemtumia habari hizo, rafiki aliyebaki kule, alimwandikia afurahi, ameshinda. Lightness alisoma ujumbe akataka kuipiga simu ukutani.

Kijijini wapo waliosema amefukuzwa Ulaya. Aliwasikia bombani. Ndoo yake aliijaza kwa namna ya kurusha maji.

Kwa akiba aliyokuwa nayo walikiezeka upya chumba cha kando, Stephano akaunda chanja za kukaushia zenye paa la nailoni, kwa kuwa Zirai haina urafiki na jua. Majirani wanne walikubali kuleta magome. Magunia ya kwanza yaliota ukungu, Lightness akayamwaga yote shimoni, akagombana na Stephano aliyetaka wachambue yaliyo mazima. Hawakusemeshana siku nzima.

Mama naye tangu siku ile alikuwa akiitikia shikamoo, basi. Hata sahani alimwekea bila neno. Hadi asubuhi moja aliingia kwenye chumba cha kazi, akavuta kigoda, akakaa kumtazama Lightness akikata magome.

"Utaiita jina gani hii biashara?"

"Sijui bado. Si lako, usiogope."

"Nani kakuambia naogopa? Kwa nini si langu?"

Lightness aliweka kisu chini. "Mama, si ulikasirika?"

"Nilikasirika kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Yule hakuniuliza. Na wewe hukuniuliza, tangu huko chuoni ulikokuwa unachora. Sura ni yangu, naishi nayo mimi. Niulize."

Lightness alijikuta anasimama, kama anayetaka kuomba ruhusa darasani. "Mama, naomba niweke jina lako na picha yako kwenye pakiti."

Nje Stephano alikuwa akihangaika na pikipiki iliyogoma kuwaka.

"Hapana," mama alisema. "Weka lako. Ukiharibu, watamtukana mwenye kazi."

Akachukua kisu kingine, akaanza kukata.

Kabla ya Krismasi Lightness aliteremka Muheza na mzigo wa kwanza, akapita Korogwe na Mombo, akapanda hadi Lushoto. Siku mbili alizunguka kwenye hoteli, akiambiwa aache namba. Mwenye nyumba ya wageni mmoja, mama aliyeitwa Yudith, alinusa mdalasini, akamwuliza kama ana mfadhili wa kutoka nje anayemsimamia.

"Sina," Lightness alijibu, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Yudith aliuliza bei, kisha akaita jikoni waje wauchukue mzigo.