Sahihi ya Daktari Yeh

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki: kisa hiki ni kweli tupu. Likipatikana humu neno moja la uongo, uji wa samaki wa kila aliyeketi mkahawani asubuhi hii uko juu yangu.

Mkahawa wenyewe ni wa Kim-chai, hapa hapa mjini Tainan, na wivu ninaousimulia ni wake. Mkewe, Siok-hun, alipougua saratani ya titi walimtoa na tezi za kwapani, zile zinazopitisha maji ya mwili. Akapona, lakini maji yakakosa njia. Mkono wa kushoto ukavimba kama gogo. Tangu hapo, kila jioni akishafunga mkahawa, Kim-chai humkanda kuanzia vidoleni hadi begani, kisha humfunga bendeji tabaka juu ya tabaka. Mume asiyewahi kutamka neno "mpenzi" alikuwa akiyasema yote kwa vidole gumba. Saa ile alikuwa mfalme.

Ndipo akatokea Daktari Yeh. Kijana, mrefu, mikono laini ya mtu asiyewahi kupara samaki. Akasema atachukua tezi chache za kinenani, azipandikize kwenye kifundo cha mkono, zinyonye yale maji. Siok-hun akarudi nyumbani kabadilika. Mezani, Daktari Yeh. Kwenye simu na dada yake, Daktari Yeh.

"Daktari Yeh anasema huenda nikaachana na bendeji kabisa!"

"Na mimi jioni nifanye nini?"

"Utazame televisheni kama wanaume wenzako."

Kim-chai akaivuta bendeji, akaongeza tabaka moja.

Siku moja kabla ya upasuaji walilazwa. Nasema walilazwa, maana huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Jamaa yake hujikunja kwenye kitanda cha kukunjua ubavuni pake. Mchana Siok-hun akapelekwa chumba cha picha. Akachomwa dawa ya kijani, kamera ikazifuata njia za maji chini ya ngozi, na Daktari Yeh akazichora juu ya ngozi kwa kalamu: mkono mzima, halafu kinena, tezi za kuchukua na zile za mguu zisizofaa kuguswa.

Waliporudi wodini, muuguzi Lai akamwambia Kim-chai, "Mjomba, mpanguse mwili, ila michoro usiiguse."

Siok-hun akasinzia. Kim-chai akafunua shuka, akapangusa miguu, akapanda, na pale juu ya paja akakuta jina: Yeh. Sahihi! Mwanamume mwingine kamtia mkewe sahihi kama mtu aliyenunua kiwanja!

Muuza uji wa samaki wa hapa hatembei bila kichupa cha pombe ya mchele, ya kuondolea shombo mikononi. Kim-chai akalowesha kitambaa. Jina likatoka. Lakini likitoka jina tu, si ataonekana ana wivu? Akafuta na michoro ya kinenani. Akafuta na mistari ya mkononi. Siok-hun akafumbua jicho moja.

"Mbona nanuka kama jiko?"

"Lala wewe. Usafi wa hospitali huo."

Daktari Yeh alipokuja kukagua, alimkuta mgonjwa msafi kama sahani.

"Nani kafuta? Nikikosea tezi, na mguu nao utavimba! Kesho hatupasui. Na foleni mnaijua ilivyo."

Macho yote yakamgeukia muuguzi Lai, naye machozi yakaanza kumlengalenga. Siok-hun akautazama mkono wake, akanusa hewa.

"Kim-chai."

"Ni mimi," akasema. "Huyu kaandika jina lake mwilini mwa mke wangu."

Daktari akasema taratibu, "Baba, kila daktari husaini mahali atakapopasua. Juzi nimesaini goti la babu wa miaka tisini."

"Na mkewe akanyamaza?"

Siok-hun akaangua kicheko mpaka kitanda kikalia. "Miaka yote hii sikujua kama mzee huyu ana wivu! Kumbe ilibidi nivimbe kwanza!"

"Haya, tupige picha upya leo hii," daktari akasema. "Na adhabu yako, baba: kanda wewe, dawa isogee."

Kim-chai akakanda. Kwenye kioo cha mashine mstari wa nuru ukatoka vidoleni, ukakimbia mbele ya gumba lake. Alipokata kona, nao ukakata.

"Waiona njia hii ya pembeni?" daktari akauliza. "Imefunguka kwa sababu kuna mtu aliyasukuma maji huku kila siku. Tezi mpya nazo zitakutaka. Bendeji zikipungua, mkono wako usipungue."

Kim-chai akaomba kalamu tu, na kwenye mkono wa kulia wa mkewe, ule usiovimba, akaandika jina lake, kubwa, kuanzia kiwiko.

Asubuhi yake Siok-hun akapasuliwa, na mkono ukaanza kunywea. Lakini ile nuru ya kijani, jamani! Taa zilipozimwa mkono uliwaka, wodi nzima ikasomea gazeti, nondo wakajaa madirishani, na...

"Koma!" Siok-hun katoka jikoni, upawa umo katika mkono ule ule wa kushoto. "Nuru ile macho hayaioni, huiona kamera tu! Na wewe ulikuwepo?"

Mkahawa mzima umegeuka. Vijiko viko juu vinanisubiri.

Basi nalipa. Kim-chai kanihesabia bakuli za watu wote, kisha akaongeza mbili. Nikamuuliza hizo za nani.

"Hizo," kasema bila kuinua macho kwenye samaki wake, "za kuutazama mno mkono wa mke wangu."