Mguu wa Kushoto wa Greda

Baba mkwe alipomwekea ufunguo wa trekta kiganjani, fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanamume mwingine angefurahi. Trekta lile dogo halikuwa limewahi kuendeshwa na mtu isipokuwa mzee mwenyewe. Hata binti zake wawili waliishia kulifuta vumbi. Na leo anapewa mkwe aliyehamia hapo baada ya karakana yake kufungwa, mkwe anayelala ukweni na kula ukweni. Hakuna aliyewahi kumsema kwa hilo, lakini kila akiketi mezani lilimkwama kooni kabla ya chakula.

"Endesha wewe," mzee alisema. "Mimi nitakuwa mzigo."

Shida ilikuwa uzito. Lori la maziwa lilikuwa limegoma kupita kwenye njia yao yenye mashimo, na dereva alisema kesho asubuhi atajaribu mara moja tu. Akikwama, asisubiriwe tena. Ndiyo maana fundi alikuwa ameunda greda la kufunga nyuma ya trekta: boriti ya chuma iliyokamatwa na mikono miwili ya trekta, miguu miwili iliyoshuka kutoka kwenye boriti, na chini yake bapa pana la chuma la kuparua udongo. Kwa macho lilipendeza. Lakini udongo ule ulikuwa umekauka ukawa jiwe, na bapa lilikuwa jepesi, likawa linarukaruka juu yake bila kuchuna kitu. Wakafunga magunia ya mawe juu ya boriti. Magunia yakapasuka, mawe yakatawanyika njiani, kazi ikawa kuyaokota. Mzee, mwenye kitambi cha kutosha na subira kidogo, akaamua kupanda mwenyewe.

"Baba, labda tutafute magunia mengine," fundi alisema, macho chini.

"Tuokote mawe mpaka lini? Washa."

Dada mkubwa wa mke wake, ambaye utani kwake ni kama kupumua, alimsogelea na kunong'ona, "Shemeji, umepewa trekta, hukupewa mke wa pili. Jasho la nini?"

Jasho lilikuwa la mguu wa kushoto.

Mguu wa kulia aliuchomelea vizuri. Alipofika wa kushoto, vijiti vikavu vya kuchomelea viliisha, vikabaki vile vilivyokaa sakafuni na kunyonya unyevu. Fundi yeyote anajua: kijiti chenye unyevu kinaacha matundu ndani ya kiungo kama mkate, hata kama juu kinang'aa. Angeweza kuvikausha kwanza. Angeweza kuomba vingine. Lakini alikuwa ameshamwomba mzee vifaa mara mbili, na mara ya pili mzee alijibu neno moja: "Tena?" Hakukaripia, aliuliza tu. Lakini neno lile lilimchoma, akaapa hataomba kitu tena hata kama atachomelea kwa mate. Basi akachomelea kwa vijiti vile vile, akalainisha kiungo kwa grenda, mashine ya kusagia chuma, hadi kikawa kama kioo, kisha akampa mkewe brashi na mkebe wa rangi. Mkewe alipaka huku akiimba. Kazi ni ya siku moja, fundi alijiambia, na hakuna mtu atakayepanda juu yake.

Sasa mzee alikuwa amepanda. Alikaa katikati ya boriti, miguu yake ikining'inia upande wa trekta. Mguu wa kushoto ukikatika, boriti ingepinduka, na mzee angeporomoka mbele ya bapa huku trekta bado linavuta. Fundi aliiona picha hiyo yote, akawasha.

Tusimwonee fundi: alitamani kusema. Lakini mkwe hamwamuru baba mkwe ashuke. Na angesema sababu gani? Aliendesha kwa gia ya chini kabisa, shingo imegeuka nyuma kuliko mbele.

Na lililoudhi zaidi ni kwamba greda lilifanya kazi. Kwa uzito wa mzee, bapa liliuma udongo, matuta yakamegeka, mashimo yakaanza kujaa. Mkewe alitembea kando ya njia akitabasamu kama vile yeye ndiye aliyelichomelea. "Umeona, baba?" alisema. Mzee alitikisa kichwa kukubali. Fundi alikuwa ameusubiri mtikiso huo tangu alipooa, na sasa ulipokuja hakuweza hata kuufurahia.

Wakavuka shimo la kwanza na la pili. Mbele kulikuwa na tuta la changarawe lililogandamana, pale hasa lori lilipokuwa linakwama. Fundi aligeuka tena. Kwenye mguu wa kushoto, chini kidogo ya boriti, rangi ilikuwa imechanika. Ulikuwa mstari mwembamba tu, na kila bapa lilipogonga jiwe, ulifunguka na kujifunga.

Akazima injini.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Mafuta, baba."

"Nilijaza mwenyewe asubuhi."

"Basi labda hewa imeingia."

"Washa tujue."

Fundi alishika ufunguo. Lilibaki tuta moja. Akienda taratibu, pengine kiungo kingevumilia, kisha jioni angejitia kukagua mitambo, akakirekebisha kimyakimya, na ule mtikiso wa kichwa ungebaki wake. Mkono wake ulianza kuzungusha ufunguo. Akamwona mzee akijiweka sawa, amekamata boriti kwa mikono yote miwili, karibu kabisa na ule mstari.

"Shuka," alisema.

"Unasemaje?"

"Shuka, baba. Mguu wa kushoto ni mbovu. Niliuchomelea kwa vijiti vyenye unyevu."

Mzee alishuka polepole. Alichukua nyundo kwenye sanduku la vifaa, akainama, akagonga mguu ule mara moja. Ukaachia. Ndani ya kiungo matundu yalionekana wazi, hata kwa asiyejua chuma.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipouchomelea."

"Nikapanda unaniangalia."

"Ndiyo, baba."

Mzee alimtazama hadi fundi akatamani apigwe tu yaishe. Kisha akamgeukia binti yake mkubwa. "Chukua pikipiki. Lete pakiti nzima ya vijiti." Akanyoosha mkono, na fundi akamrudishia ufunguo. Iliuma, lakini aliona ni haki yake.

Kilichomuuma zaidi kilikuja baadaye. Mkewe alikuwa ameinama juu ya kiungo kilichokatika, kidole chake kikipita kwenye rangi aliyoipaka mwenyewe.

"Ulinipa mimi brashi," alisema.

Fundi alifungua mdomo.

"Nyamaza. Baba yangu alikuwa amekaa hapa."

Walikokota greda hadi kwenye kibanda cha nyuma penye umeme. Fundi alisaga kiungo kibovu chote hadi kwenye chuma safi, akachomelea upya kwa vijiti vikavu, tabaka juu ya tabaka, akaacha kipoe chenyewe. Hakuna aliyeimba. Mzee alikigonga kwa nyundo kubwa, safari hii bila kuhesabu wala kuhurumia, na kiungo kikarudisha mlio wa chuma kizima.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi waliporudi njiani. Mzee alikaa kwenye usukani bila kumtazama mtu. Fundi alielewa, akapanda juu ya boriti, upande wa kushoto kabisa. Trekta likavuta. Bapa likaruka. Fundi alikuwa mwembamba. Hakuwa hata nusu ya mzigo uliohitajika.

Mzee alisimamisha, akangoja.

Mkewe alitoka kando ya njia. Alipanda juu ya boriti upande wa kulia, mbali na mumewe, uso wake umekaza.

"Usiniongeleshe," alisema.

Fundi hakumwongelesha. Lakini sasa hofu ilimpanda kuliko ya mchana, ingawa kiungo kilikuwa kizima na alikijua kizima. Mkono wake ulikuwa chini ya boriti, ukikipapasa.

"Kinashika?" mkewe aliuliza, akitazama mbele.

"Kinashika."

"Sema kweli."

"Kweli. Kinashika."

Mbele yao lile tuta lilikuwa linawasubiri, na mzee alikuwa ameshaingiza gia.

"Basi sogea," mkewe alisema, akajisukuma hadi upande wa kushoto, akakaa juu ya kiungo chenyewe.