Zita Aliteleza Yordani

Kigango chetu kiko mgongoni mwa mlima, mbele ya Litembo, mahali ambapo pikipiki hufika mvua ikiwa haijaharibu njia. Padre huja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada huongozwa na katekista, naye katekista wetu ni Protasi, mume wa dada yangu Beata. Husoma Neno, hulieleza, husalisha, na mwisho hutoa matangazo. Kwetu tangazo la pale mbele lina uzito wake. Mtu akitangazwa kuwa anaoa, basi anaoa. Akitangazwa kuwa mgonjwa, hata kama amepona asubuhi ileile ataletewa uji.

Zita ni mtoto wa mwisho wa Protasi na Beata. Anasomea ualimu Songea, na somo lake kubwa ni dini. Mwaka huu chuo chake kilipeleka wanafunzi Nchi Takatifu, wakaone kwa macho yao miji na mito watakayoifundisha darasani. Lilikuwa kundi la mchanganyiko, Wakatoliki na wa makanisa mengine. Waliongozwa na Mwalimu Meshack, mzaliwa wa Kigoma na muumini wa kanisa la Kibaptisti, pamoja na Padre Festo wa parokia yetu, ambaye ni mlezi wa wanafunzi Wakatoliki.

Protasi alijivuna, na alikuwa na haki. Kila jioni Zita alipotuma picha, yeye alitukusanya wanajumuiya na kutuonyesha. Hapa Betlehemu. Hapa Nazareti. Hili ndilo ziwa la Galilaya. Alieleza kila jiwe kana kwamba yeye ndiye aliyelipanga. Mzee Egidi alipouliza kama ziwa lile ni kubwa kuliko Nyasa, Protasi alimjibu kwamba ukubwa wa ziwa haupimwi kwa maji bali kwa aliyetembea juu yake. Tulicheka, naye akacheka.

Kisha ikaja picha ya Yordani. Hii haikutumwa na Zita. Ilipita kwenye simu za wanafunzi wenzake, ikafika Mbinga, na kutoka Mbinga ikapanda mlima mpaka kwa Tarsisi, katibu wa kigango. Tarsisi aliileta baada ya sala ya jumuiya, akaiweka mbele ya Protasi. Zita alikuwa amesimama mtoni, maji yamemfika kiunoni, amevaa kanzu nyeupe, nywele zimelowa, macho ameyafumba. Mkono wa Mwalimu Meshack ulikuwa kwenye kisogo chake. Chini ya picha mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika: Zita wetu ametoka Yordani mpya kabisa.

Protasi aliitazama mpaka mwanga wa simu ukazimika. Akauliza tu huyo mwalimu ni wa kanisa gani. Tarsisi akamwambia, ingawa Protasi mwenyewe alikuwa anajua.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kushangaa kwa nini moyo wa Protasi ulikwenda huko. Katekista hufundisha kabla ya mambo mengine yote kwamba ubatizo ni mmoja, na haurudiwi. Protasi mwenyewe alimfundisha Zita hivyo alipokuwa mdogo. Na katika milima yetu tumeshaona watu waliokwenda mjini wakarudi wamezamishwa mara ya pili, nyumba zao zikagawanyika, kaka hali tena na kaka yake. Alichokiona kwenye simu ile alikuwa amekiogopa miaka mingi.

Usiku ule Zita alipiga simu, Protasi akaiacha ilie. Asubuhi nilimfuata shambani nikamwomba ampigie, amuulize ilikuwaje.

"Shemeji," akaniambia, "ukimkuta ng'ombe katikati ya mahindi yako, unamuuliza anakula au anatembea?"

Nilimwambia Zita si ng'ombe. Akasema ndiyo maana linauma zaidi.

Jumapili ilipofika nilikaa benchi la mbele, upande wa wanaume. Protasi alitangaza usafi wa kanisa. Akatangaza ndoa ya kijana wa Kitai. Kisha akakunja karatasi yake, akashika kingo za meza.

"Binti yangu Zita amebatizwa mara ya pili huko alikokwenda," akasema. "Kanisa letu halina ubatizo wa pili. Kuanzia leo asihesabiwe tena katika jumuiya yetu, wala nyumbani kwangu."

Katekista hana mamlaka ya kumtoa mtu kanisani, hilo hata watoto wa mafundisho wanalijua. Lakini alilisema pale mbele, na kwa watu wetu likawa limekwisha. Beata alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka kabla ya sala ya mwisho.

Dada yangu hakugombana na mume wake. Alipika, alifua, aliitikia alipoitwa. Ila ulikuwa msimu wa ngoro, kilimo chetu cha mashimo mteremkoni. Kwetu kazi hiyo ni ya wawili: mwanamume hufyeka majani na kuyapanga mistari inayokatana, mwanamke hufuata na jembe, akayafunika kwa udongo na kuchimba mashimo katikati, kisha wakapanda maharage. Protasi alifyeka mteremko wake wote na kuupanga vizuri kama wavu. Beata hakwenda. Aliniambia kwamba mkono wake unauma. Majani yakakauka juu ya udongo, upepo ukaanza kuyachukua, na kila aliyepita njia ya chini aliona na kuelewa. Protasi naye alipita njia ya juu.

Wanafunzi waliporudi, Zita alipanda basi la kuja nyumbani. Beata alimpigia akiwa Mbinga stendi na kumweleza alilotangaziwa. Zita hakupanda mlima. Alichukua gari la kuteremka ziwani, akaenda Ngumbo kwa mdogo wetu Luisa, aliyeolewa huko.

Katikati ya juma Padre Festo alikuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Alikuwa amesikia habari parokiani. Tulikaa sebuleni kwa Protasi, na padre hakutaka hata chai.

Alitueleza kwamba ni yeye mwenyewe aliyewaongoza wanafunzi Wakatoliki kule Yordani. Walirudia ahadi zao za ubatizo, zilezile tunazorudia sote usiku wa Pasaka. Walisimama kwenye maji ya magotini, basi. Lakini mawe ya mto yana utelezi, na Zita ni mtoto wa milimani, hajawahi kusimama kwenye maji mengi kuliko ya beseni. Aliteleza hadi penye kina, akazama mzima mzima. Mwalimu Meshack, aliyekulia kando ya Tanganyika, aliruka na kumnyanyua kwa ukosi wa kanzu. Kundi zima lilicheka, na aliyecheka zaidi ni Zita. Hapo ndipo picha ilipopigwa, na utani ule ukaandikwa.

Beata alikuwa amesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi jikoni.

Protasi alijifuta uso kwa kiganja. Akasema basi padre, siku ya zamu yake, awaelezee watu. Padre Festo akatikisa kichwa.

"Mimi sikutangaza kitu, Protasi. Aliyesema ndiye aseme."

Zikapita Jumapili mbili. Ya kwanza Protasi alitangaza mkutano wa shule. Ya pili alitangaza mbuzi aliyepotea. Watu walikaa mpaka neno la mwisho, wakatazamana, wakaenda zao. Nilimwambia mimi ni mjomba wa yule binti, na mahali ambapo baba amekwama mjomba hupita; twende Ngumbo. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea.

Tuliteremka na gari la Mbamba Bay, tumebeba kahawa na maharage ya kumpelekea Luisa. Barabara ile inashuka kwa kona nyingi, na Protasi alishika kiti cha mbele yake njia nzima. Tulipoanza kuliona ziwa akaniambia kwamba amefikiri sana, na ameamua kumsamehe.

"Umemsamehe kuteleza?" nikamuuliza.

Akainama kuhesabu mizigo iliyokuwa miguuni mwetu.

Zita alikuwa nyuma ya nyumba na mawifi wa Luisa, wanatandaza usipa, dagaa wa Nyasa, kwenye vichanja. Alinawa mikono, akaja, akapiga goti. Shikamoo mjomba. Shikamoo baba. Akatuletea viti na maji. Alikuwa amekonda kidogo. Nilijaribu kumtania kwamba sasa ananuka samaki, hakuna Mmatengo wa milimani kwetu atakayemwoa. Akatabasamu kwa ajili yangu tu.

Protasi alizungumza kwa muda mrefu. Alisema kwamba padre amemweleza. Alisema mambo ya picha ni hatari, na watu wa siku hizi wanatuma kila kitu. Alisema mama yake anamhitaji, msimu unapita, na mlango uko wazi. Alisema mengi mazuri, na yote yalizunguka kitu kimoja bila kukigusa, kama mtu anayetafuta mlango wa zizi gizani.

Zita alimsubiri amalize.

"Baba, uliwaambia watu nimeuacha ubatizo wangu. Waambie sijauacha."

"Nitawaeleza wazee. Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Hukusema nyumba kwa nyumba. Ulisema mbele."

"Zita, mimi nimefundisha watu wale miaka mingi," Protasi akasema, na sauti yake ikashuka. "Nikisimama pale kujikanusha, kesho nikisema Mungu ni mmoja, nani ataniamini?"

"Na mimi nakwenda kufundisha dini, baba. Mazoezi yangu nilipangiwa shule yetu ya pale. Mtoto atakayekuwa darasani kwangu mama yake alikuwepo kanisani siku ile. Nani ataniamini mimi?"

Nikasema basi apande nasi, asimame kando ya baba yake Jumapili, liishe. Zita akakataa kwa adabu. Alisema alisemwa akiwa hayupo, na asafishwe akiwa hayupo. Akiwepo watu watasema amelia, baba amemhurumia.

Protasi alitazama ziwa. Hakuahidi. Tulikula ugali na usipa, tukamshukuru Luisa, tukaondoka.

Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana habari ya safari yetu ilikuwa imetutangulia. Hata Beata alikuja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akakaa katikati ya wanawake karibu na Mama Ephrasia. Protasi alisoma Neno vizuri. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Akafika kwenye matangazo, akatangaza usafi, akatangaza sadaka ya mavuno, akakunja karatasi. Nilidhani ameshindwa.

"Kuhusu binti yetu Zita," akaanza, "kulikuwa na taarifa ambazo hazikukamilika. Kama kuna waliokwazika..."

Beata akasimama. Safari hii hakutoka. Alisimama tu wima katikati ya benchi, mikono ameikunja tumboni, anamtazama mume wake. Kwetu mwanamke hasimami kanisani wakati wa matangazo. Watoto waligeuka. Tarsisi akashusha macho kwenye viatu vyake.

Protasi alishika meza.

"Sivyo," akasema. "Taarifa haikukosekana. Aliyeijua ni binti yangu, na mimi sikumuuliza. Zita hakubatizwa mara ya pili. Aliteleza mtoni, akanyanyuliwa. Nilichokisema hapa ni uongo, na nilikisema mimi."

Mama Ephrasia, ambaye masikio yake yamechoka na huzungumza kwa sauti popote alipo, akauliza kutoka kwenye benchi:

"Kwa hiyo anarudi lini?"

"Hakuniahidi kurudi, mama," Protasi akasema. "Aliniambia niseme."

Akatuomba tusimame kwa sala ya mwisho. Hakuna aliyesimama. Watu walikuwa wanamwangalia dada yangu, kama vile yeye ndiye sasa mwenye kufunga ibada. Beata akakaa. Ndipo tukasimama.

Nje hakukuwa na maongezi kama kawaida. Wengine walimpa Protasi mkono, wengine walipita mbali. Wazazi wawili walisema kwa sauti ya kusikika kwamba watawaombea watoto wao katekista mwingine wa mafundisho ya Komunyo. Alisikia. Alikusanya vitabu vyake, akafunga kanisa kwa kufuli, akalijaribu kama limeshika.

Jioni nilikuwa kwao Beata alipompigia Zita. Alimweleza yote, pamoja na wale wazazi wawili. Protasi alikaa kwenye kigoda karibu na moto, anaangalia majivu. Simu ilikuwa na sauti ndogo, hatukusikia upande wa pili. Beata aliitikia mara kadhaa, akamtakia usiku mwema, akaifunga.

"Anasema amesikia," akatuambia. "Anasema asante. Lakini chuo kilikwishamhamishia mazoezi Ngumbo, aliomba mwenyewe wiki hii alipokuwa anasubiri baba yake aseme. Kesho anaanza. Atakuja likizo."

Protasi akauliza likizo yao ni lini.

Dada yangu alimsukumia simu.

"Muulize mwenyewe," akasema, akainuka kuangalia chungu.