Wa Arubaini

Kampuni ya chumvi ilipojenga kambi yake ufukweni, mbali huko kupita Konde, ilijenga na msikiti mkubwa, maana enzi hizo wafanyakazi walikuwa tele. Baadaye mashine ya maji ikafa, mishahara ikawa hadithi, na mwenye akili akakimbilia Tanga. Waliobaki walikuwa wanaume arubaini tu. Hamad alikuwa mmoja wao.

Mama yake, Mwanapili, alifika Alhamisi alasiri kwa lori la kampuni, katoka Chokocho tangu alfajiri. Alikuja kumchukua. Baba yake Hamad, Mzee Jaribu, alikuwa kitandani, hali taabani, na neno lake lilikuwa moja: mwanangu yuko wapi? Lori lingerudi Konde asubuhi, na jengine mpaka Jumapili.

Mapokezi yalimshangaza. Nusu ya nyumba hazikuwa na mabati, kuta zimeliwa na chumvi, lakini kila mlango ulimtolea kitu: huyu muhogo, yule pweza, mwengine chai ya sukari, na sukari yenyewe siku hizo ya kugombaniwa. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja kuwapunguza wenyeji, nao walikwisha kujua.

Baada ya Magharibi imamu wao, Mzee Soud, alikuja kuketi barazani.

"Bi Mwanapili, n'na ombi. Kesho Ijumaa. Kwa madhehebu yetu sala yake haisihi bila ya wanaume arubaini, tena wakaazi, msafiri hahesabiwi. Juma lijalo Mmanga, mwenzetu aliyehama, arudi kutoka Wete, tutatimia bila ya mwanao. Tuachie Hamad Ijumaa hino tu, Jumapili aje."

"Mgonjwa hangoji mimbari, Mzee Soud."

"Najua. Lakini kampuni ishatunyang'anya yote mengine. Kuno hatujakosa Ijumaa hata moja."

Mwanapili alipandwa na hasira, akamgeukia mwanawe. "Sema weye."

Hamad alikuwa akitazama miguu yake, iliyopasuka kwa maji ya chumvi. "Mama, kwetu n'kiondoka hapana ajuaye kama n'meondoka. Kuno n'kikosa mie, yakosa Ijumaa."

"Na kwa baba'ko, u mtoto wa ngapi?"

Hamad hakuwa na ndugu, wa kike wala wa kiume.

Asubuhi alimpandisha mama yake lorini, akamfunika magoti kwa gunia, akaahidi Jumapili. Mwanapili aligeuza uso mbele, lori likaondoka. Wapo wanaosema ile ilikuwa subira. Mimi nasema alichoka, na angelimvuta mkono mbele ya kambi nzima nisingelimlaumu.

Jaribu alikata roho Jumamosi, macho mlangoni. Chokocho nzima ilimzika. Kaburini alishuka mpwa wake, mahali pa mwana.

Jumapili jioni Hamad aliingia na kifuko cha chumvi begani. Alimkuta mama yake ndani, kavaa nyeupe, keshakaa eda. Hakuhitaji kuambiwa. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na mama yake alimwacha mpaka akamaliza.

"Mlitimia?" alimwuliza.

"Tulitimia, mama."

"Haya," alisema Mwanapili. "Nenda kamwambie baba'ko."