Sukari ya Mabibi

Mke wangu aliondoka na malaria, na kazi waliyonipa wakubwa ni kulea mbu. Ndiyo hivyo. Kila asubuhi nabadilisha pamba yenye maji ya sukari kwenye vizimba, nawasalimia "hamjambo, mabibi," maana anayeuma ni jike. Hawa walishanyweshwa damu yenye vimelea vya malaria. Kilichobaki ni waishi siku kumi na nne, vimelea vikue tumboni mwao, vihamie kwenye mate, ndipo mtafiti wetu, Mama Darubini, awapasue aangalie. Mkuu alishanionya: "Safari hii wakifa, mzee, unaondoka nao."

Mkuu huyo sukari kaifungia kabatini kwake, eti tunaimalizia kwenye chai. Tangu siku ya tano anakoroga maji mwenyewe, ananipa chupa.

Siku ya saba wakaanza kudondoka. Siku ya nane nikafagia kiganja kizima.

"Baba, unawafanyia nini wanangu?" akauliza Mama Darubini.

"Mimi? Labda wamemwona mkuu wakakata tamaa."

"Usinichekeshe, nataka kulia."

Mkuu akaingia, tumbo likimtangulia. "Mikono yake ina sabuni. Nilisema asiyesoma asiguse vizimba!"

Marehemu mke wangu angemjibu, ulimi wake haukujua vyeo.

Nikainama kuokota ufagio wangu. Chini ya meza palikuwa na alama ya maji ya sukari niliyomwaga jana. Miguu ya meza zetu imesimama ndani ya makopo ya maji kwa sababu ya sisimizi; tone moja la sukari likianguka sakafuni, wanakuja ukoo mzima. Leo walikuwa wanalipita lile doa kama jirani wasiyesalimiana naye.

Nikachovya kidole kwenye chupa, nikalamba. Tamu kupita kiasi, kisha ikabaki ulimini kama dawa.

"Bosi, hii sukari gani?"

"Nzuri kuliko yenu. Vidonge vyangu vya utamu, vya wenye kisukari. Haviongezi hata kilo."

Mama Darubini akashika kichwa. "Bosi! Umewapunguza mbu uzito mpaka wakafa njaa!"

"Sisimizi wenyewe wamevikataa," nikasema, "na hawajasoma hata darasa moja."

Sikungoja jibu. Nikatoa kopo langu la sukari ya chai, nikakoroga, nikabadilisha pamba zote. Walionusurika wakazirukia kama wageni wa harusi iliyochelewa.

Siku ya kumi na nne, Mama Darubini alipasua wa kwanza, akatazama, akapiga kelele. "Baba, njoo! Vimelea vimo kwenye mate!"

Nikaweka jicho. Vitu vyembamba, vimejipinda kama kucha zilizokatwa. Miaka yote nilikuwa nimeviwekea akiba ya matusi. Yakanitoka maneno mengine kabisa: "Kumbe mko wadogo hivi."

Binti wa watu akanishika bega.

Mkuu akachungulia mlangoni, kikombe mkononi. Habari ya mimi kuondoka hakuigusa. "Mzee, ile sukari yako imebaki?"

"Imebaki, bosi. Lakini ya mabibi hiyo. Wewe una vidonge vyako."