Zambarau Ikigeuka Manjano

Mama yangu aliuawa na kijiko cha chai, mara tatu kwa siku, na aliyemnywesha alimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Nasema mapema ili nisionekane nazunguka mbuyu. Nimeshazunguka vya kutosha.

Baba ni fundi wa kukamua mafuta ya karafuu. Mtaa mzima unamwita Fundi Mvuke, na nadhani hata karani aliyewafungisha ndoa ameshasahau jina lake. Banda lake liko nyuma ya nyumba: pipa la shaba lenye tumbo la kumeza magunia matatu, jiko la kuni chini yake, na bomba linalotoka kichwani mwa pipa kwenda kujizungusha ndani ya tangi la maji baridi. Unapakia karafuu na makonyo yake, yaani vile vijiti ambavyo wengine hutupa. Mvuke unapanda na mafuta, unapoa ndani ya bomba, na mwishoni yanachuruzika maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Ukiyaacha yatulie, mafuta yanazama chini. Mafuta ya viungo vingi huelea, ila haya huzama. Baba husema ndiyo maana anayaheshimu, hayana maringo.

Nyumba yetu ilikuwa na amri moja kubwa: mafuta hayatiwi kwenye plastiki. Nilipokuwa na miaka tisa nilichota kidogo kwa kikombe cha plastiki cha mama, nikakisahau juu ya meza. Kesho yake kikombe kilikuwa kimelainika na kukunjamana, na meza imeota doa ambalo lipo hadi leo. Nilichapwa. "Haya yanakula," baba aliniambia nikiwa bado nalia. "Kioo tu ndicho kinachoyaweza." Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nataka ijulikane, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hatukujua.

Mimi ndiye msomi wa nyumba. Nafanya kazi mjini, mwendo wa saa nne kwa basi, kwenye maabara ya kampuni inayonunua mafuta ya viungo. Napima uwezo wa mafuta kuzuia vitu visiharibiwe na hewa. Samli ikikaa wazi inachacha, chuma kinaota kutu, parachichi ulilokata asubuhi mchana limekuwa kahawia: yote hiyo ni kazi ya hewa. Ndani ya karafuu kuna kitu kinachotangulia mbele na kukubali kuharibiwa chenyewe ili kingine kipone. Sisi wa maabara tunakiita antioksidanti. Kukipima tunatumia dawa ya rangi ya zambarau iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Unadondosha mafuta, na kama yana nguvu, zambarau inafifia mpaka inakuwa manjano. Ya karafuu hayana mpinzani. Unahesabu moja, mbili, tatu, zambarau imekwisha.

Mwaka huu mama aliona uvimbe kwenye ziwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, akatwambia mmewahi, ni mdogo, tutaukata na mtu atapona. Akatupa tarehe, wiki tano mbele. Mama akatoka pale akicheka. "Wiki tano!" akasema. "Kumbe hata magonjwa siku hizi yana foleni."

Baba hakucheka. Siku mbili zile alikuwa anazunguka banda bila kuwasha moto, anafuta pipa ambalo halikuwa na uchafu. Fundi aliyezoea kila kitu kitengenezwe kwa mikono yake alikuwa ameambiwa asubiri. Nikamwonea huruma. Asubuhi ya kurudi mjini nikatoa mkobani vichupa viwili vya zambarau nilivyokuwa nimebeba, nikamwambia, "Baba, njoo uone kazi yako inavyofanya."

Akaja na chupa ya mafuta yake bora. Nikadondosha tone moja kwenye kichupa cha kwanza. Zambarau ikayeyuka mbele ya macho yake, kikabaki kimiminika cha manjano safi. Baba akashusha pumzi. Miaka thelathini na nne amekamua mafuta yale, akawauzia watu wa manukato, watu wa sabuni, wenye meno mabovu, na hakuwahi kuyaona yenyewe yakifanya kazi.

"Ile zambarau ndiyo nini?" akauliza.

"Chukulia ndiyo sumu, baba. Ile inayoharibu vitu."

"Na manjano?"

"Manjano maana yake mafuta yameshinda."

Akadondosha tone kwenye kichupa cha pili kwa mkono wake mwenyewe, polepole, kama anamtia mtoto dawa ya macho. Kikageuka. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni, mkoba begani, basi langu linaondoka saa tatu.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu," akasema. "Na ndani ya mtu je?"

"Hivyo hivyo, baba," nikasema. "Nimechelewa."

Basi, maneno manne. Ningeweza kukaa chini nikamweleza kwamba ndani ya kichupa hakuna ini, hakuna figo, hakuna mtu. Ningemwambia kwamba tone kwenye jino ni dawa na kijiko tumboni ni mambo mengine, kama alivyojua yeye kuhusu kikombe cha plastiki. Ningepitwa na basi la saa tatu, nikapanda la saa sita. Lakini nilipenda namna alivyonitazama. Kwa mara ya kwanza mzee wangu alikuwa ananitazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, na sikutaka kumpa jibu lenye "lakini" ndani yake. Mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Nikaacha vichupa vile viwili dirishani, nikaenda zangu.

Nilikuwa nampigia mama simu kila jioni. Wiki ya kwanza alikuwa mzima, ananisimulia mambo ya jirani. Wiki ya pili sauti yake ikawa inakwaruza. Akasema mdomo una vidonda, na chakula hakina ladha. Nikasema ni wasiwasi wa kukatwa, mama, kunywa maji mengi. Msomi huyo! Baba akichukua simu alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. "Mama yako yuko mikononi mwangu," akasema. "Usipoteze nauli."

Katikati ya wiki ya tatu akanipigia mwenyewe. "Njoo Jumamosi. Kuna kitu nataka ukione kwa macho yako. Sikwambii kwenye simu."

Jumamosi alinipokea kituoni, amevaa shati la sherehe. Njia nzima alikuwa anatabasamu tu kama mtoto aliyeficha zawadi mgongoni. Tulipofika akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akafungua pazia mwanga uingie.

Mama alikuwa amelala chali. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Juu ya mto, karibu na sikio lake, kulikuwa na kichupa kimoja kati ya vile viwili.

"Fumbua macho, mke wangu," baba akasema. "Mwanao amekuja."

Mama akafumbua. Pale penye weupe wa macho palikuwa manjano. Baba akakiinua kichupa, akakishikilia kando ya jicho la mama, akanigeukia. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Rangi moja!" akasema. "Tazama, mwanangu. Yalianza Jumanne kwa mbali, nikakwambia uje. Leo yamekolea. Yameshinda!"

Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Sijui nilisema nini. Nakumbuka baba akirudi nyuma mpaka akagonga kabati, kichupa bado mkononi, na mama akisema kwa sauti ndogo, "Usimgombeze baba yako. Amehangaika."

Kwenye teksi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nikamuuliza amekuwa akinywa kiasi gani. Akasema mwanzo matone matano kwenye asali, kisha kijiko, kisha kijiko mara tatu. Yanachoma, akasema, mpaka machozi yanatoka.

"Sasa mama, kwa nini ulikubali?"

Akafikiri. "Miaka thelathini na nne huyu bwana hajaninunulia hata kitambaa cha kichwa," akasema. "Sasa amenipa kazi ya mikono yake, yale bora kabisa. Nikatae vipi?" Kisha akanikonyeza kwa jicho lile la manjano. "Tena amesema wewe ndiye uliyeyapima."

Hospitali, daktari yule yule aliuliza mgonjwa amekunywa nini. Baba, tuliyemweka kiti cha mbele cha teksi, alikuwa ameibeba chupa. Akaitoa mfukoni, akaiweka mezani kwa heshima. Daktari akaifungua, akanusa, akamtazama baba, halafu akanitazama mimi. Akaniita koridoni, karibu na ndoo za wafagiaji, akaniambia ini limeungua. Akasema mafuta haya kwa kiasi kile yanaharibu ini haraka kuliko uvimbe ule ungeweza kufanya kwa miaka.

"Na uvimbe?" nikauliza kijinga.

"Uko vile vile," akasema. "Tungeutoa kwa saa moja."

Mama aliishi siku nne. Siku ya mwisho alikuwa haongei, ngozi yote imekuwa manjano hadi viganja. Baba alikaa karibu naye akimsugua miguu, na kila muuguzi akipita anamwambia, "Sumu inatoka, unaona? Inatoka." Wauguzi wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimewaomba wasimwambie. Nilijidanganya kwamba namlinda mzee. Ukweli ni kwamba nilijilinda mwenyewe, maana aliyejua mafuta yale yameua angeuliza nani aliyasifia.

Tukamzika. Watu wakajaa nyumbani, viti vikaazimwa, masufuria yakaazimwa. Baba akawa anawaeleza waombolezaji kwamba tulichelewa kuanza. "Tungeanza mwezi mmoja mapema," akasema, "leo angekuwa anawagawia chai." Nikamsikia akisema hivyo kwa mtu wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili. Kila mara nikainamisha kichwa. Wakaniona binti mwenye huzuni.

Siku ya tatu, mchana, shangazi yangu akasogea kwenye mkeka wa baba. Ni dada yake mkubwa, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, ambaye miguu yake imevimba kwa muda mrefu na dawa zake za presha amezichoka. Akasema, "Mdogo wangu, hayo mafuta bado yapo? Mimi sitaki kuchelewa kama wifi."

Baba akainuka mara moja. Sijawahi kumwona akiinuka kwa wepesi ule tangu msiba uanze. Akaenda bandani, akarudi na chupa ya kioo iliyojaa hadi shingoni na kijiko kile kile, nilikitambua kwa mpini wake uliopinda. Akachuchumaa mbele ya dada yake, akaanza kumfundisha. Matano kwenye asali, ukizoea kijiko.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Usipokee," nikasema.

Sebule nzima ikageuka. Baba akanitazama kwa mshangao tu, bila hasira.

"Shangazi, usipokee. Baba, ndiyo yaliyomuua mama. Si uvimbe. Uvimbe ulikuwa wa kukatwa saa moja. Mafuta yaliunguza ini, ile manjano ilikuwa ini linakufa. Daktari aliniambia siku ile ile tulipofika, nikakuficha."

Shangazi akarudisha mkono wake mapajani, akaufunika kwa ule mwingine. Mtu mmoja akaanza kusema kwamba haya si maneno ya kusemwa msibani. Nikangoja baba apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, kufukuzwa, hata kupigwa, na moyoni nilivitamani, ili deni langu liishie pale.

Hakupiga kelele. Alibaki amechuchumaa, chupa mkono huu, kijiko mkono huu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Nadhani alikuwa anajumlisha vijiko.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, kama tuko wawili tu. "Ulikuwa umesimama pale mlangoni, mkoba begani. Nilikuuliza ndani ya mtu je."

"Uliniuliza, baba."

"Mimi sijasoma. Ndiyo maana nilikuuliza."

Akaweka kijiko sakafuni, akachukua kifuniko cha chupa, akakifunga na kukikaza mara mbili, kama anavyofanya siku zote, ili hewa isiingie ikaharibu mafuta. Kisha akaniwekea chupa ile mapajani, akatoka nje.