Karani Anataka Jina la Mume

…na mtu akija kuuliza siku ile walikuwapo nani, Chausiku atawataja wote, maana hawakuwa wengi, karani Abdul ndani ya dirisha na daftari lake, askari mmoja mlangoni akitafuna muwa, Mzee Amuri juani, kofia mkononi, Mwanahamisi, mama mkwe wa Chausiku, ukingoni mwa baraza, na yeye Chausiku, mtoto Kadidja kamlalia mapajani, shingo imelowa jasho, basi, Mdachi mwenyewe, bwana daktari, hakuwapo, hajawahi kuwapo, kila juma wakifika Rumonge huambiwa yuko safarini, yuko kambini, amepumzika… na mwili umechoka, Mola wangu, hata kukaa kunachosha. "Mimi nimemutaja, bwana karani," Mzee Amuri anasema, "mara mbili nimemutaja, jina lake na la baba yake, unataka tena nini?" na karani, bila kuinua macho, "Wewe si mkewe, mzee, nyumba ile ilisemewa na mwanamke, mwanamke mwenyewe atengue neno lake," na Chausiku anasikia na hasikii, kwa kuwa yuko mlangoni pake masika yaliyopita, karani yuleyule anapita nyumba kwa nyumba kuandika wenye malale, anapapasa watu shingo kutafuta matezi, na mwenyewe, mumewe, kalala mkekani, homa imemfunga ulimi, na swali likamjia yeye, mumeo anaitwa nani, akainamisha macho akajibu kama mama yake angejibu, kama mwanamke yeyote aliyelelewa angejibu, Baba Kadidja… na kalamu ikaandika Kadidja. Hivyo tu. Mume mwenye ndevu zake akawa mwanamke katika kitabu cha Serikali, akapelekwa kambi ya malale. Asmani aliyetoka huko kambini ndiye aliyeleta habari, kwamba kila Alhamisi huitwa Kadidja, mwanamke, amepona, aje achukue cheti aende kwao, na hatokei mwanamke, na mumewe husimama akasema jina lake la haki, wakatazama, wakamwambia wewe humo kitabuni, rudi ukae, na bila cheti hafiki mbali, askari wa njiani watamrudisha kwa kamba… Chausiku alicheka kwanza, Mungu amsamehe, alicheka mpaka Asmani alipomwambia habari ya sindano, kwamba aliyemo kambini huchomwa, mzima au mgonjwa, na sindano ile ikizidi huondoka na macho, wako watatu tayari wanashikwa mkono kwenda chooni.

"Weye mama," askari anasema, anatema makapi ya muwa, "huyu mutoto alizaliwa na nani sasa, na wewe ao na bwana yako?" anacheka, na karani naye kidogo, puani. "Cheka, mwanangu," anasema Mzee Amuri polepole, "na siku utaenda likizo kwenu, muulize mama yako kama alimutajaka baba yako kwa jina." Askari anaurudia muwa wake… na Chausiku angependa kumshukuru mzee lakini uso unamwaka, kwa kuwa si yeye aliyemchagua mzee huyu, siku ile baada ya sala ya Ijumaa vikapu viwili viliwekwa, cha Mzee Amuri na cha Mbaraka seremala, kila nyumba kokwa moja ya chikichi, atakayeshinda ndiye atakayetusemea bomani, na yeye kwa niaba ya nyumba yake akaitia kokwa katika cha Mbaraka, kwa sababu Amuri aligombana na Baba Kadidja juu ya nyavu za ndagala, na Amuri alikuwa amekaa palepale, akauona mkono wake. Akauona, na juma lililofuata akapiga hodi, "Amahoro, mama, niambie shauri lako," akaenda Usumbura kwa mtumbwi mara mbili, akalala nje ya boma, akarudi viganja vimechubuka na karatasi yenye muhuri, kosa lirekebishwe Rumonge kwa aliyeliandika… na sasa amesogea hatua moja kushoto, hakuna haja ya kusogea, dirisha liko mbele yake, na kivuli chake kimeanguka juu ya uso wa mtoto.

"Watu walinichagua niseme pale wasipoweza kusema," anasema, sauti imeanza kukauka, "niache niseme, bwana karani." "Hapana." Na Chausiku anangoja mzee ageuke, amtazame tu, jicho moja lingetosha, binti yangu sema twende nyumbani, lakini hageuki, kofia inazungukazunguka vidoleni mwake, kumbe anaogopa, kumbe kila juma ameogopa, na bado hatamsukuma, atasimama hapo mpaka dirisha lifungwe. Ndipo mama mkwe anapokohoa, anauvuta ushungi juu ya masikio yote mawili, anauvuta tena, anaelekeza uso ziwani. "Mawimbi ya leo!" anasema. "Mutu hasikii kitu." Na ziwa limetulia kama mafuta ya mawese sufuriani, hakuna wimbi, hata mtumbwi mmoja hautikisiki… ee mama, mama wa watu, na yeye Chausiku alidhani heshima ni kufumba mdomo wake peke yake, miezi yote hii ameibeba kama mtungi unaovuja, kumbe wamemshikia, huyu kwa kutogeuka, yule kwa kutosikia, na jina lile halijapita kinywani mwake tangu ndoa, ni jina tu, mama huyu ndiye aliyempa mwanawe, liko hapa chini ya ulimi, jepesi kuliko alivyofikiri, na karani anachovya kalamu, anafukuza nzi, mtoto bado amelala.

Nasoro bin Idi alifika nyumbani siku kumi na tatu baadaye, kwa miguu, cheti mkononi, jicho la kulia halioni.